Rafu ya Zahanati ya Mbali: Mwongozo kwa Mkurugenzi wa Mradi wa Ugavi wa Bidhaa za Afya

Utangulizi

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa mradi wa kuimarisha mnyororo wa ugavi wa bidhaa za afya nchini Tanzania: dawa, chanjo, vitendanishi na vifaa tiba. Utamfaa pia naibu wake, mratibu wa mkoa, na ofisa wa serikali anayesimamia kazi za wadau. Hauchukui nafasi ya sheria wala miongozo ya Wizara ya Afya. Unaeleza namna ya kuifanya kazi yenyewe.

Kiti hiki kina mtego wake. Mkurugenzi wa mradi ana magari, ana bajeti, ana wataalamu, na ana mfadhili anayesubiri matokeo kila robo mwaka. Akisikia dawa zimekwama mahali, jambo jepesi kwake ni kupakia gari na kuzipeleka. Atashukuriwa, na picha itapigwa. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, zahanati haina. Gari hilo litakapoondoka, mama mwenye mtoto anayechemka homa atafika dirishani kama alivyofika jana. Kwa sababu hiyo, kila hatua iliyomo humu inapimwa kwa swali moja: rafu ya zahanati ya mbali kuliko zote itakuwa na dawa mwaka mmoja baada ya sisi kuondoka?

1. Fahamu nyumba unayoingia

Mnyororo wa ugavi una wenyewe. Bohari ya Dawa (MSD) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi 1994; ndiyo inayonunua, kutunza na kusambaza bidhaa za afya kwa vituo vya umma. Wizara ya Afya inatoa sera na miongozo ya tiba. TAMISEMI inasimamia halmashauri, ambamo zimo zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. TMDA inasimamia ubora, usalama na uingizaji wa dawa nchini. Chini yao wapo Mfamasia wa Mkoa, Mfamasia wa Halmashauri, mganga mfawidhi wa kila kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo yenye wananchi ndani yake.

Mambo mawili yamebadilisha nani anaamua nini. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Na kwa mfumo wa mshitiri, ulioanzia Dodoma 2014 na kuenezwa nchi nzima 2018, kituo kinachokosa bidhaa MSD hununua kwa msambazaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa, kwa bei iliyokubaliwa. Maana yake ni kwamba mganga mfawidhi wa zahanati ni mnunuzi. Mradi unaowafundisha wakubwa wa mkoa na kumwacha yeye, umemwacha mtu aliyeshika fedha.

Wiki zako za kwanza zitumie kujitambulisha kwa utaratibu. Anzia kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha Mfamasia wa Halmashauri, ndipo ushuke kituoni. Saini kitabu cha wageni. Salimia kwanza, shughuli baadaye. Zahanati nyingi zina mtumishi mmoja tu zamu hiyo: ndiye mkunga, ndiye mtoa dawa, ndiye mtunza stoo. Ukimkuta na wagonjwa, kaa kwenye benchi usubiri. Benchi hilo litakufundisha kuliko taarifa utakayokabidhiwa, kwa kuwa utaona nani anapewa dawa na nani anaambiwa akanunue dukani.

2. Maoteo: kadiria mahitaji kwa uaminifu

Maoteo ni makadirio ya bidhaa zitakazohitajika kwa kipindi kijacho. Hufanywa kwa njia tatu: kwa matumizi yaliyopita, kwa idadi ya wagonjwa na mwongozo wa tiba, au kwa idadi ya watu wanaolengwa na huduma. Usitegemee njia moja. Fanya mbili, zilinganishe, na pale zinapopishana sana uliza kwa nini kabla ya kutafuta wastani.

Mfano wa malaria unaonyesha kwa nini. Mwaka 2006 Tanzania ilibadili tiba ya kwanza ya malaria kutoka SP kwenda dawa mseto ya ALu. Mseto hufungwa kwa uzito wa mgonjwa: pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24. Pakiti ya mtu mzima ikiisha, mtoa dawa hutoa pakiti nne za mtoto ili kufikisha vidonge 24. Amefanya vema, mgonjwa ametibiwa. Lakini mezani kwako takwimu zitaonyesha kuwa dawa ya watoto inatumika sana na ya watu wazima haitakiwi. Ukiagiza kwa takwimu hizo, mwaka ujao utaleta pakiti ndogo tele, na kubwa zitakosekana tena. Kwa mseto, hesabu vidonge na wagonjwa waliotibiwa, kisha ndipo ugawe kwa pakiti.

Maoteo yaendeshwe na Wizara, MSD na halmashauri, nanyi mkisaidia. Mtaalamu wako akibaki peke yake anayejua lile jedwali la kompyuta linavyofanya kazi, akiondoka ameondoka na maoteo ya nchi. Kila kikao cha maoteo kiwe na ofisa wa serikali anayeshika kibodi, na mtaalamu wako aketi pembeni yake.

Kumbuka pia urefu wa safari. Bidhaa inayotoka nje hupita zabuni, mkataba, utengenezaji, meli, ukaguzi wa TMDA, forodha na bandari, ndipo ifike bohari. Hiyo ni kazi ya miezi mingi. Upungufu utakaoonekana rafuni mwakani unazaliwa leo, kwenye agizo lililocheleweshwa kusainiwa. Pitia ratiba ya shehena zinazotarajiwa kila mwezi, bidhaa moja baada ya nyingine, na weka jina la mtu anayefuatilia kila agizo.

3. Taarifa: mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna kazi inayouthibitisha msemo huo kama hii. Kituo kinahitaji kujua mambo matatu kwa kila bidhaa: kimepokea kiasi gani, kimetumia kiasi gani, kimebakiwa na kiasi gani. Leja ya stoo ndiyo msingi. Mfumo wa kielektroniki, eLMIS, hubeba kilichoandikwa kwenye leja na kukipeleka juu. Leja ikidanganya, kompyuta itaufikisha uongo huo Dodoma kwa kasi zaidi.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo kila mkurugenzi lazima alielewe, kwa sababu linaweza kukiweka kituo katika uhaba miaka na miaka bila mtu kuiba hata kidonge. Tuseme zahanati imetumia dozi 240 kwa siku 90. Mhudumu anagawa kwa tatu na kuandika wastani wa dozi 80 kwa mwezi. Lakini katika siku hizo 90, kwa siku 30 rafu ilikuwa tupu. Dozi 240 zilitumika kwa siku 60 tu, kwa hiyo mahitaji halisi ni dozi 120 kwa mwezi. Akiagiza ya miezi mitatu kwa wastani wa 80, ataletewa 240. Zitakwisha baada ya miezi miwili, mwezi wa tatu rafu itakuwa tupu, naye ataandika 80 tena. Uhaba unazaa uhaba, na karatasi zote ziko sawasawa.

Dawa yake ni safu moja kwenye fomu: siku ambazo bidhaa haikuwepo. Hakikisha inajazwa, na hakikisha anayejaza anajua kwa nini. Katika kila ziara ya usimamizi shirikishi, kaa na mtumishi mfanye hesabu hii kwa bidhaa mbili au tatu za kituo chake mwenyewe. Akiona kwa macho yake dozi alizozikosa, hutahitaji kumkumbusha tena.

Taarifa za mradi wako nazo zisikupumbaze. Ukisoma kwamba upatikanaji wa dawa ni asilimia 90 katika vituo 100, huenda kila kituo kilipungukiwa siku chache na kuazima kwa jirani. Huenda pia vituo 10 vilevile havikupata dawa mwaka mzima. Wastani hautakuambia ni lipi. Agiza kila mwezi orodha ya vituo vilivyokosa bidhaa muhimu kwa vipindi viwili mfululizo, vikitajwa kwa majina. Orodha hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao chako.

4. Usafirishaji na majira

MSD husambaza kutoka bohari zake za kanda hadi mlangoni mwa vituo. Kazi ya mradi ni kusaidia safari hizo ziwahi, zifike na zihakikiwe.

Panga kwa kalenda ya mvua. Kanda zenye masika hupata mvua kubwa kati ya Machi na Mei. Maeneo ya kusini, kati na magharibi hunyeshewa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua hizo hukata barabara na kuleta mbu, kwa hiyo mseto na vipimo vya haraka vya malaria huhitajika zaidi wakati uleule malori yanapokwama. Bonde la Kilombero, delta ya Rufiji, visiwa vya Mafia na Ukerewe: huko akiba itangulie mvua. Kaa na Mfamasia wa Halmashauri mapema mchore ramani ya vituo vinavyofungika, muda vinaofungika, na njia mbadala, ukiwemo mtumbwi wa mtu anayeaminika mwenye maturubai mazuri.

Unapomlipa msafirishaji binafsi, lipa kwa shehena iliyopokelewa na kusainiwa kituoni. Ukilipa kwa kilomita, utanunua kilomita. Hati ya makabidhiano ionyeshe kilichoagizwa, kilichopakiwa na kilichopokelewa, na isainiwe na mganga mfawidhi pamoja na mjumbe wa kamati ya kituo. Boksi zihesabiwe dereva akiwepo. Usikubali desturi ya kusaini kwanza na kuhesabu kesho.

Madereva wako uwalinde. Safari za usiku zipigwe marufuku kwa maandishi, na ratiba iwe ya kutekelezeka bila mwendo wa kasi. Dereva anayeagizwa kufika vituo vinane kwa siku mahali panapowezekana vitano, ameagizwa ama kuhatarisha maisha ama kughushi saini.

5. Mnyororo baridi

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Watumishi wengi wamefundishwa kuogopa joto, na ni sawa, lakini baridi kali nayo huua chanjo kimyakimya. Chanjo ya homa ya ini B, ya pepopunda na pentavalenti zikiganda huharibika, na kiashiria cha joto kilichobandikwa kwenye kichupa hakitaonyesha lolote, kwa kuwa kazi yake ni kupima joto pekee.

Simamia mambo haya bila kuchoka. Halijoto ya jokofu isomwe na kuandikwa mara mbili kwa siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Pakiti za barafu zisitiwe kwenye kibebea chanjo zikiwa ngumu kama jiwe. Ziachwe nje mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Penye shaka, kipimo cha kutikisa kifanywe: kichupa kimoja cha aina na toleo lilelile kigandishwe makusudi na kuyeyushwa, kisha kitikiswe pamoja na kile chenye shaka na viachwe vitulie. Kile chenye shaka kikituama haraka sawa na kilichogandishwa, chanjo hiyo isitumike.

Oksitosini isisahauliwe. Ndiyo sindano ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua, nayo pia inapaswa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Mahali pengi hukaa kabatini kwa sababu jokofu limeandikwa kuwa ni la chanjo. Ongea na mratibu wa chanjo wa wilaya, mkubaliane kwa maandishi kuhusu nafasi yake jokofuni. Ni mkutano wa saa moja, na unaweza kuokoa mzazi.

6. Dawa zinazoisha muda, misaada na uteketezaji

Kanuni ya rafu ni kwamba kinachoisha muda kwanza kitoke kwanza. Juu ya hapo, mkurugenzi afanye hesabu ya nchi nzima. Tuseme akiba ya dawa fulani ni dozi 2,400,000 na matumizi ni dozi 400,000 kwa mwezi. Hiyo ni akiba ya miezi sita, na inatia moyo. Lakini kama toleo lote linaisha muda baada ya miezi minne, dozi 800,000 tayari zimepotea, ila hazijatupwa. Hesabu hii ikifanywa mapema, ziada inaweza kuhamishiwa mkoa wenye upungufu, au shehena ijayo ikaahirishwa. Ikifanywa kwa kuchelewa, kilichobaki ni kuandaa tanuru.

Misaada ya dawa ipokelewe kwa masharti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika nchini, na zitokane na mahitaji yaliyoelezwa na mpokeaji. Ukiletewa kontena la dawa zisizomo katika mwongozo wa tiba wa taifa, kataa kwa heshima na kwa barua. Tenga pia fedha za uteketezaji tangu bajeti ya kwanza. Dawa zilizokwisha muda haziruhusiwi kufukiwa nyuma ya zahanati. Huteketezwa kwa utaratibu unaosimamiwa na TMDA.

7. Ulinzi wa mali

Dawa ni fedha, na penye fedha hapakosi mkono. Vidonge vingi vya serikali huwekwa alama ya GOT ili vitambulike vikionekana dukani. Alama hiyo inasaidia tu pale wananchi wanapoijua na kujua pa kuripoti. Waeleze wajumbe wa kamati ya kituo, na zaidi ya hapo wawezeshe kuwepo dawa zinapopokelewa.

Kabla ya kumtuhumu mtu, hesabu. Leja ikitofautiana na rafu, chunguza kwanza kama kuna bidhaa zilizopelekwa wodini au kliniki ya huduma tembezi bila kuandikwa, au zilizoazimwa na kituo jirani. Tofauti ikibaki bila maelezo, jambo hilo lipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Mradi hauna mamlaka ya kumwadhibu mtumishi wa umma, na usijipe. Kwa watumishi wako mwenyewe uwe mkali pasipo upendeleo: mtu mmoja asiagize, asipokee na asiidhinishe malipo ya kitu kilekile.

8. Watu wako na fedha za watu wengine

Ajiri wachache, waliobobea, wenye subira ya kufundisha. Kila mtaalamu awe na mwenzake ndani ya serikali anayemwachia kazi hatua kwa hatua, na tathmini yake ya mwaka ipime kazi ngapi zimehamia kwa mwenzake huyo. Usiwachukue wafamasia wa halmashauri kwa mshahara mnono. Utakuwa umebomoa ukuta ili upate matofali ya kujengea.

Kuhusu fedha, mwaka 2025 umetufundisha sote. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefikia ukomo wake rasmi. Miradi iliyopangwa kwa miaka ilipokea barua za kusimama ndani ya siku chache. Mkurugenzi wa leo awe na mpango wa dharura kabatini: ni shughuli zipi haziwezi kusimama hata siku moja, ni nani serikalini atazipokea, zinagharimu shilingi ngapi, na nywila, mikataba na funguo za maghala viko wapi. Mpango huo upitiwe kila miezi sita pamoja na Wizara. Gharama za kudumu, kama mafuta ya jenereta ya ghala, matengenezo ya majokofu na vifurushi vya intaneti, ziingizwe kidogokidogo katika bajeti za halmashauri tangu mwaka wa kwanza, mradi ungali na uwezo wa kuziba pengo.

Mfadhili umwambie ukweli mapema. Shehena ikichelewa, aisikie kutoka kwako, pamoja na hatua uliyochukua na tarehe mpya. Usiogope kumwandikia kwamba idadi ya waliohudhuria semina haionyeshi kama dawa zipo, na umpendekezee kipimo kilicho bora.

9. Makabidhiano

Makabidhiano yaanze mwaka mmoja kabla ya mwisho. Andaa orodha ya kila kazi inayofanywa na mradi, hata ndogo: nani huwapigia simu vituo vilivyochelewa kuleta taarifa, nani hulipia mafuta, nani hurekebisha kompyuta. Mbele ya kila kazi andika cheo cha mpokeaji, tarehe, na saini yake.

Kisha, miezi sita kabla ya kufunga, chagua mzunguko mmoja kamili wa kuagiza na kupokea dawa, na mradi uketi pembeni. Wajulishe viongozi wa mkoa na wilaya mapema kwamba ni jaribio, na mkubaliane ni dharura ipi itakayowarudisha watu wako kazini. Watu wako wasipige simu ya kukumbusha, wasitoe gari, wasisahihishe fomu. Waangalie na kuandika tu. Mzunguko ukiisha, nenda mwenyewe katika zahanati ya mbali kuliko zote mliyoihudumia. Salimia, saini kitabu, omba kuiona leja, kisha fungua stoo pamoja na mtumishi wa zamu mhesabu mseto, oksitosini na vipimo. Chochote mtakachokikuta pungufu ndiyo kazi yako kwa miezi iliyobaki.